Kabla Hujampigisha Mwanafunzi Kichura

Ukitoka Mingoyo kwenda Masasi, kabla hujafika mjini unapita Ndanda. Mkono wa kushoto utaona mlima mrefu kama ukuta: hiyo ndiyo kingo ya uwanda wa juu wa Makonde. Kule juu mchanga unanyonya mvua yote, mito hakuna. Maji yanapatikana chini, kwenye chemchemi za miguuni pa mlima. Kwa hiyo kabla ya mabomba, na hata leo bomba likikauka, watu wanashuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani. Si mchezo.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipanda mlima ule na wanafunzi wangu. Katikati ya njia nikakaa juu ya jiwe, natweta. Mama mmoja akapita na ndoo yake: "Mwalimu, salama?" Nikamjibu kwa mkono, sauti haikutoka.

Mwili wangu ulikuwa unafanya nini? Misuli ina akiba ndogo ya nishati ya papo kwa papo, inayotosha sekunde kama 10 hivi za nguvu kubwa. Ikiisha, misuli inavunja sukari haraka bila kusubiri oksijeni, lakini njia hii haidumu. Kazi ya dakika nyingi inategemea oksijeni, na hapo ndipo mapafu na moyo vinapoitwa kazini. Mtu aliyetulia, moyo wake unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Kijana akifanya kazi ngumu zinafika 20 hivi. Mishipa ya tumboni inabanwa, ya misuli inafunguka, na damu inapelekwa kwenye kazi. Joto nalo linapanda, na jasho linalokauka juu ya ngozi ndilo linalotupoza. Jasho hilo ni maji, lazima yarudishwe.

Sasa yule mama alinizidi nini? Mazoea. Moyo uliozoea kazi unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga mbiombio. Misuli nayo huongeza vimishipa vya damu na vile viwanda vidogo vya nishati, mitokondria. Haya hayaji kwa siku moja; yanajengwa kwa wiki na miezi, kazi ikiongezwa kidogokidogo na mwili ukipewa chakula na mapumziko.

Kesho yake mapaja yaliniuma kuliko siku yenyewe. Wengi tunasema ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Hapana, asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili. Maumivu ya kesho yanatokana na michaniko midogo ndani ya misuli, hasa pale msuli unaporefuka huku umebeba uzito. Ndiyo maana kushuka mlima kunauma kuliko kupanda.

Na hapa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Kichura ni kushuka na kupanda kwa mapaja, mara nyingi juani, bila maji. Mwanafunzi asiyezoea akizidishiwa, misuli inaweza kuvunjika kiasi cha kuchafua damu na kuumiza figo. Dalili yake ni mkojo wa rangi ya chai kavu. Mwenye pumu anaweza kubanwa. Mwenye selimundu ndiye ninayemwogopea zaidi: oksijeni ikipungua na maji yakipungua, chembe zake za damu zinajikunja na kuziba mishipa. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huu.

Katika shule moja niliyopita, wachelewaji walipigishwa kichura saa sita mchana. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Msichana mmoja alikuwa na selimundu, hakusema, nami sikuuliza. Usiku alilazwa. Alipona, lakini mimi ile hesabu bado inanisumbua. Baadaye nilijua kwamba alichelewa kwa sababu ya foleni ya maji.

Wenzangu wa ualimu, mazoezi ni haki ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 60 kila siku kwa wenye miaka 5 hadi 17. Tukiyageuza kuwa adhabu, tunamfundisha kuyachukia. Basi tufanye hivi: tujue mapema nani ana ugonjwa gani, tuanze na mazoezi mepesi ya kupasha mwili moto, maji yawepo, na anayesema amechoka aaminiwe.

Somo lenyewe halihitaji maabara. Mwanafunzi aweke vidole viwili chini ya kidole gumba, kwenye kifundo cha mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4. Akimbie kidogo, ahesabu tena. Safari hii ahesabu mwenyewe.