KUPIMA MAJANI YA MALISHO

Wasomaji wetu, wengi wenu mwajua kupima shamba kwa hatua na mahindi kwa debe. Lakini majani yanayowalisha ng'ombe ni nani ayapimaye? Hayo huachiwa macho, na macho ya mfugaji na ya mkulima hayaoni sawasawa. Mfugaji husema, "Malisho yamekwisha." Mkulima hutazama nyika ile ile akasema, "Majani tele, mbona ng'ombe wako wamo shambani mwangu?"

Katika wilaya ya Kilosa jambo hili si la mzaha. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi ya kuwa mizani ingaliwaokoa, maana ugomvi ule ulikuwa na mizizi mingi. Twasema tu ya kuwa baraza linalokata shauri la malisho pasipo kujua uzani wake hukata gizani. Basi leo twapenda kueleza namna ya kupima.

Vyombo. Tengeneza kiunzi cha mbao chenye nusu mita kila upande. Uwe na mkasi au mundu, mifuko ya karatasi, mizani ya gramu, daftari na kalamu.

Wakati. Kwetu masika hunyesha Machi hata Mei. Yafaa kupima masika yakiisha, majani yakiwa yamekomaa, kabla hayajakauka na moto kupita.

Mahali. Hapa ndipo wengi hukosea. Sisi wenyewe siku ya kwanza tuliweka kiunzi mahali palipotupendeza, na pasipo kujua tukachagua penye majani mazuri tu. Hesabu yetu ikawa ya uongo, ingawa mizani ilisema kweli. Basi usichague. Shika mstari kutoka mti mmoja hata mwingine, na kila hatua 20 weka kiunzi mbele ya mguu wako, hata pakiwa udongo mtupu. Udongo mtupu nao huandikwa: sifuri. Vipimo 30 ni bora kuliko 10. Tena, uwanda wa Mkata wenye udongo mweusi usichanganywe na miteremko ya miombo; kila mahali pawe na hesabu yake.

Kukata na kukausha. Kata majani yote yaliyoota ndani ya kiunzi, karibu na ardhi. Majani mabichi yana maji mengi, na maji si chakula. Kwa hiyo ni sharti yakaushwe. Wataalamu hutumia tanuri la joto la digrii 60 hata 70 kwa siku mbili. Kijijini yaanike penye jua na upepo, uyapime kila siku hata uzani usipungue tena.

Hesabu. Hekta moja, yaani kadiri ya eka mbili na nusu, huenea viunzi 40,000. Kwa hiyo twaa wastani wa gramu za kiunzi kimoja, uzidishe kwa 40, utapata kilo za hekta. Mfano: gramu 60 mara 40 ni kilo 2,400. Lakini usiwagawie ng'ombe zote. Nusu iachwe ifunike udongo na kuilinda mizizi. Zimebaki kilo 1,200. Ng'ombe wa kilo 250 hula kadiri ya kilo 6 na robo za majani makavu kwa siku. Basi hekta ile yamtosha siku 192. Kwa mwaka mzima ataka karibu hekta 2.

Kizimba. Penye wanyama, majani yaliyobaki siyo yote yaliyoota. Hata katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964 na ambamo mifugo hairuhusiwi, nyati na pundamilia hula kila siku. Basi kata kiunzi kimoja leo, na mahali pafananapo funika majani kwa kizimba cha waya. Baada ya mwezi kata ndani ya kizimba na nje yake. Kama leo ni gramu 40, na baadaye ndani 65 na nje 45, basi zilizoota ni 25 na zilizoliwa ni 20. Kisha hamisha kizimba.

Kipimo cha mwaka mmoja kisifanywe sheria, maana mvua hazilingani. Walimu waweza kuifanya kazi hii pamoja na wanafunzi kila mwaka, na daftari likatunzwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Tena twawasihi wakubwa wa vijiji: siku ya kupima waitwe mkulima na mfugaji pamoja. Mmoja ashike kiunzi, mwingine asome mizani. Hesabu iliyofanywa na upande mmoja hukataliwa na upande wa pili.