Jazi ya Jumatatu: Vidokezo 6 kwa Mkristo Mwenye Haraka

Tuelewane kwanza: hapa hatuzungumzii bendi za Morogoro Jazz wala Tabora Jazz, ingawa nao tunawapenda. Ni jazi ile ya Marekani, ya akina Louis Armstrong na Ella Fitzgerald, ambayo mpigaji anaujua wimbo vizuri lakini hakuna ajuaye leo ataupiga vipi. Na imani je? Biblia ni ileile, ila bosi wako aliyeamka vibaya Jumatatu hakutajwa humo. Itabidi ubuni. Twende!

1. Mazoezi kwanza, mbwembwe baadaye

Ukimsikia mpiga jazi akibuni papo hapo, usidhani ameokota noti hewani. Mpiga saksafoni John Coltrane alikuwa akifanya mazoezi hata wakati wa mapumziko ya shoo, wenzake wakipunga upepo. Sasa wewe unataka neno la kumfariji rafiki likujie lenyewe, na Biblia mara ya mwisho uliifungua Pasaka? Anza na Zaburi 117. Ina mistari miwili tu. Foleni ya asubuhi inatosha kuikariri na chenji ikabaki.

2. Maneno yakipotea, wimbo usisimame

Februari 1960, Berlin. Ella Fitzgerald yuko katikati ya “Mack the Knife”, mara maneno yanamtoka kichwani. Anyamaze? Thubutu! Akatunga mengine palepale, akawaimbia watu kwamba wimbo ameusahau, akamwigiza hata Louis Armstrong kwa sauti yake ile ya mikwaruzo. Rekodi hiyo ikampatia tuzo ya Grammy. Hujasali tangu wiki juzi? Usianze na risala ya kuomba radhi. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, msimulie Mungu jambo moja la mchana, basi. Kesho utaongeza.

3. Zamu ya mwenzako, punguza sauti

Mpiga saksafoni akichukua zamu yake, mpiga piano haondoki wala hashindani naye. Anadonoa noti chache za kumbeba. Kila jumuiya ina yule ndugu anayeombea mataifa yote, moja baada ya jingine, mpaka chai inapoa. Usiwe yeye. Mtu akikueleza shida yake, muulize maswali mawili kabla ya kutoa ushauri wowote. Mara nyingi ushauri wenyewe hautahitajika tena.

4. Msibani, usikimbilie shangwe

Hapa ndipo watu wa New Orleans wanaponikosha. Kuelekea makaburini, bendi ya matarumbeta hupiga tenzi polepole, ngoma ndogo imefifishwa mlio, na hakuna anayeharakisha mguu. Marehemu akishaagwa ndipo mpiga ngoma anaposhtua mdundo, tarumbeta zinalipuka, na safari ya kurudi inageuka dansi. Majirani wanaunga nyuma wakizungusha miavuli na kupunga leso. Tumaini la ufufuo lipo, ila huzuni nayo imepewa njia nzima ya kwenda.

Sisi je? Mfiwa hata machozi hayajamkauka, tayari tumeshamwambia ashukuru kwa kila jambo. Siku za mwanzo wewe kaa, osha vyombo, chota maji, lia naye. Kisha weka kikumbusho kwenye simu, wiki nne mbele. Turubai limeshakunjwa, wageni wamerudi makwao, na simu za pole zimekatika. Siku hiyo nenda na samaki, pamoja na ile stori ya marehemu iliyokuwa ikiwavunja mbavu wote.

5. Huna saksafoni? Una sufuria

Coltrane hakujifungia katika dini moja, ingawa babu zake wote wawili walikuwa wachungaji. Mwaka 1957 aliachana na heroini na pombe, na shukrani zake kwa Mungu akazimimina kwenye albamu ya “A Love Supreme”, aliyoirekodi Desemba 1964. Sehemu ya mwisho haina mwimbaji: alitunga sala, kisha akaipiga kwa saksafoni, silabi kwa silabi. Andika shukrani zako tano, zibandike juu ya sinki, na ukiosha vyombo kila sufuria ipate yake. Yenye ukoko wa ugali ipewe mbili.

6. Kipaji nacho kiingie kanisani

Mwaka 1954, akiwa Paris, mpiga piano Mary Lou Williams aliacha kupiga. Aliporudi Marekani, alijitosa katika sala na kuwatunza, nyumbani kwake Harlem, wanamuziki walioangushwa na dawa za kulevya. Akabatizwa Mkatoliki mwaka 1957. Mapadre rafiki zake ndio waliomsihi arudi kwenye piano, na mwaka huohuo akapanda jukwaa la tamasha la jazi la Newport na Dizzy Gillespie. Baadaye alitunga misa za jazi, na mwaka 1975 mojawapo ikapigwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York.

Wewe unajua nini? Hesabu? Mtafute mhazini wa parokia, anayehangaika na daftari lenye madoa ya chai. Kusuka? Msuke bure mama mgonjwa Jumamosi hii. Pilau? Mwambie mwenyekiti wa jumuiya mapema, kabla ya sikukuu ya somo, maana mwaka jana wali ulikuwa na kiini na sote tukausifia.