Mtoto wa marehemu mchangamfu mno: je, hajaumia?

SWALI: Namlea binti wa marehemu mdogo wangu, miaka 9, hapa Mang'ola, Karatu. Mimi ni mkali, kila mtu anajua. Yeye husalimia hadi akina mama wanaochambua vitunguu, mmoja mmoja; jirani tuliyenuniana naye siku nyingi sasa hutuletea maziwa. Hata mimi nimelainika. Ila simwoni akilia. Ni kawaida?

JIBU: Ni kawaida, mama. Mtoto huomboleza vipande vipande: asubuhi machozi, mchana anaruka kamba. Hajasahau.

Mimi ningeangalia jambo lingine. Yatima hung'amua upesi kwamba mtoto mchangamfu hafukuzwi. Akivunja sahani kisha akacheka haraka huku akikutazama usoni, huenda anakupima. Mwambie hapo ni kwao, hata siku akinuna. Mtaje mama yake mnapokula. Akilia, usimnyamazishe. Na kazi ya kupatanisha majirani si yake. Maziwa kashukuruni ninyi wakubwa.

Ukali wako usiutupe wote: saa ya kulala na ya daftari ibaki, makelele na fimbo viondoke. Asipolala vizuri kwa wiki kadhaa au akiichukia shule ghafla, muone afisa ustawi wa jamii wa wilaya, au piga 116 bure.

Je, marehemu aliacha shamba? Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Lishughulikieni mapema, kabla wajomba hawajaanza kupima mipaka.