USULI WA KIHISTORIA NA KIDINI WA KITABU CHA ELIE WIESEL, *USIKU*

Mtahiniwa, kabla ya kujibu swali lolote kuhusu kitabu hiki, kumbuka mambo mawili. Kwanza, hii si riwaya ya kubuni. Ni kumbukumbu za mtu aliyenusurika katika kambi za Wanazi. Pili, msimulizi wake, Eliezer, ni kijana aliyelelewa katika dini. Usipoujua usuli huu utayaona mateso ya mwili tu, na hutaona kilichovunjika ndani yake.

A. Usuli wa kihistoria

(i) 1933: Hitler aliingia madarakani Ujerumani. Mwaka 1935, Sheria za Nuremberg ziliwavua Wayahudi uraia.

(ii) 1940: Sighet, mji alikozaliwa Wiesel mwaka 1928, ulitoka Romania ukawa chini ya Hungaria, mshirika wa Ujerumani.

(iii) Machi 1944: Wajerumani waliikalia Hungaria. Wayahudi walilazimishwa kuvaa nyota ya njano, wakafungiwa katika mageto, kisha kuanzia Mei wakapakiwa katika mabehewa ya mifugo. Katika wiki nane hivi, takriban watu 440,000 waliondolewa, wengi wao wakipelekwa Auschwitz. Wengi waliuawa mara tu walipofika.

(iv) Januari 1945: Jeshi la Kisovyeti lilipokaribia, wafungwa walilazimishwa kutembea katika theluji, kisha wakasafirishwa hadi Buchenwald. Kambi hiyo ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1945.

Kwa jumla, Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa barani Ulaya.

*Zingatia:* Mwanzoni mwa 1944 Ujerumani ilikuwa ikishindwa vita, na watu wa Sighet walitarajia kukombolewa. Ndiyo maana hawakumwamini Moshe aliyenusurika mauaji na kurudi kuwaonya. Usiandike kwamba walikuwa wajinga. Andika kwamba walikuwa na sababu za kutumaini, na kwamba uovu wa kiasi hicho haukuwaingia akilini.

B. Usuli wa kidini

(i) *Agano.* Wayahudi huamini kwamba Mungu alifanya agano na taifa lao na kulipa Torati. Eliezer alisoma Talmudi na kutamani Kabala, elimu ya siri za Mungu. Kwa hiyo anapouliza Mungu yuko wapi, anamuuliza mshirika wa agano.

(ii) *Pasaka.* Ni sikukuu ya kukumbuka ukombozi kutoka utumwani Misri. Viongozi wa Wayahudi wa Sighet walikamatwa katika siku hizo hizo. Hicho ni kinaya kikubwa.

(iii) *Kadishi.* Ni sala ambayo mwana humsomea mzazi aliyefariki. Haitaji kifo, humtukuza Mungu. Kambini, watu wanajisomea wenyewe wakiwa hai, na Eliezer anakasirika: amtukuze kwa lipi? Baadaye, Akiba Drumer anawaomba wenzake wamsomee Kadishi, nao wanasahau.

(iv) *Yom Kipuri.* Ni siku ya kufunga na kutubu. Eliezer anakula. Baba yake amemkataza kufunga ili asife njaa, lakini yeye mwenyewe anakula pia kama uasi dhidi ya ukimya wa Mungu.

C. Kosa la kuepuka

Watahiniwa wengi huandika, "Eliezer aliacha kuamini kuwa Mungu yupo." Jibu hilo halitoshi. Mtu hamlaumu asiyekuwepo. Eliezer anajilinganisha na Ayubu: hakani kuwepo kwa Mungu, anatilia shaka haki yake. Katika mapokeo ya Kiyahudi, kuanzia Ibrahimu aliyeutetea mji wa Sodoma, mwamini anaweza kuhojiana na Mungu wake. Hivyo basi, andika: "Imani ya Eliezer inajeruhiwa na kugeuka kuwa mashtaka." Kisha toa ushahidi kutoka matukio yaliyo katika sehemu B.

Maswali ya marudio

1. Kwa nini Wayahudi wa Sighet hawakukimbia? Toa hoja tatu. *(Alama 6)*

2. Eleza jinsi Pasaka na Kadishi zinavyojenga kinaya kitabuni. *(Alama 8)*

3. "Baba wa Eliezer alikufa bila sala, na mwana akabaki na hatia." Jadili kauli hii ukirejelea wajibu wa mwana kwa mzazi katika dini ya Kiyahudi. *(Alama 16)*

*Dokezo la swali la 3:* Usimhukumu Eliezer. Onyesha jinsi kambi ilivyokusudia kuvunja hata kifungo cha baba na mwana, na jinsi kuandika kitabu kulivyokuwa njia yake ya kumkumbuka.