Chupa ya Maji Darasani: Kwa Wazazi, Walimu na Bodi za Shule, Migori na Homa Bay

Januari na Februari jua la Nyatike, Karungu na Mbita ni kali, na darasa la mabati huwa moto kabla ya saa sita. Mtoto aliyetembea alfajiri kuja shule huanza kuumwa kichwa na kusinzia, na mkojo wake hugeuka rangi ya chai. Huyo si mvivu, ana kiu.

Tunaomba kila shule iandike kanuni hii: mwanafunzi awe na chupa yake dawatini na anywe wakati wa somo bila kuomba ruhusa. Walimu huhofia vitabu kulowa na watoto kutoka ovyo. Kifuniko kinachobana huzuia la kwanza. La pili lisizuiwe kwa kumnyima mtoto maji, wala kwa kumfungia choo. Wasichana wengi hujinyima kunywa kwa sababu tu choo hakina mlango, na mlango huo ni kazi ya bodi.

Eneo hili la ziwa lina watoto wengi wenye selimundu, na kwao maji ni sehemu ya matibabu. Mwili wao ukipungukiwa maji, chembe nyekundu za damu hujikunja mithili ya mundu, hukwama katika mishipa myembamba, na maumivu makali ya mifupa yanaweza kumfikisha mtoto hospitalini. Figo zake pia hushindwa kuhifadhi maji, kwa hiyo hukojoa mara nyingi, hata kitandani bwenini. Asichekwe, asiadhibiwe. Mzazi, mweleze mwalimu wa darasa mapema muhula unapoanza. Mwalimu, usimtangaze. Wote wakiruhusiwa kunywa, hakuna atakayetambuliwa kwa chupa yake.

Maji ya ziwa, ya Mto Kuja au ya kisima kisichofunikwa yasinywewe hivihivi hata yakionekana maangavu, kwani kipindupindu kimezuka mara nyingi katika kaunti hizi. Yachemshe yatokote, au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Karibu na machimbo ya dhahabu kuna hatari ya zebaki, ambayo haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa klorini. Hapo tumieni maji ya mvua yaliyotibiwa, au chanzo kilichopimwa.

Chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa au dawa ya mifugo isitumike kabisa. Chupa ya mwanafunzi iandikwe jina, ioshwe kwa sabuni kila jioni, na isipokezanwe mdomo kwa mdomo. Kwa ziara ya Mbuga ya Ruma, beba chupa ngumu: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa.

Shirika la Afya Duniani linashauri shule ya kutwa iwe na lita 5 za maji kwa kila mtu kwa siku, na ya bweni lita 20. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye kifuniko na bomba, kama mitungi ya udongo iliyofinyangwa na akina mama wa Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili mtoto asichovye kikombe wala mkono. Bodi imteue mtu wa kutia klorini kila asubuhi na kuandika daftarini, na asiyeweza kununua chupa apewe kikombe chake na shule.