Bango Langu na Leso ya Mama

Wanafunzi wenzangu, kila nikimwambia baba nataka kusomea usanifu wa michoro, yaani kupanga picha na maandishi ili ujumbe ufike, huniuliza, "Kuchora nako ni kazi?"

Muhula uliopita nusura nikubaliane naye. Nilichora bango la mchezo wa chama chetu. Herufi nikazipamba maua, tarehe nikaibana pembeni. Bango likasifiwa sana, lakini siku yenyewe viti vilibaki vitupu!

Kumbe mwalimu alikuwa nyumbani: leso ya mama. Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, ndiyo maandishi. Kwa kawaida jina huwekwa chini ya mji, kwa herufi kubwa zisizo na madoido. Hata maua yakijaa vipi, halipotei.

Basi, ndugu msomaji, ukichora bango fuata hatua hizi:

1. Jiulize msomaji ajue nini.
2. Lipe jambo hilo nafasi.
3. Pambo lije mwisho.

Juzi nilichora jingine, tarehe katikati. Baba alilisoma akiwa mlangoni, akauliza, "Hiyo Ijumaa, wazazi pia wanaruhusiwa?"