Chumvi ya Mtoto Njiti

Desemba iliyopita nilipokuwa likizo nyumbani Tunduma, mama yangu mdogo alijifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake. Mimba ilikuwa ya majuma 31 tu, na mtoto alikuwa na uzito wa kilo 1 na gramu 400. Siku ya nne alipopimwa alikuwa amepungua gramu 140. Bibi yangu akashtuka, akasema, "Mtoto huyu ana kiu, mpeni maji kidogo." Kusema kweli, hata mimi niliona bibi amesema haki. Lakini muuguzi alimjibu kwa adabu, "Hapana, bibi. Maji yatamdhuru."

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanieleza.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo itoayo homoni iitwayo aldosteroni. Homoni hii huiamuru figo irudishe sodiamu, ambayo twaila katika chumvi, ndani ya damu isipotee na mkojo. Figo ya mtoto njiti haijakomaa, basi haiitikii amri hiyo sawasawa, na sodiamu huvuja. Tena iko homoni ya pili, vasopresini, itokayo katika ubongo, ambayo huzuia maji yasitoke. Mtoto akiwa mgonjwa homoni hii huweza kuzidi. Sasa ukimnywesha maji, sodiamu iliyobaki huchujuka. Katika lita moja ya damu yatakiwa iwe milimoli 135 mpaka 145. Ikishuka mno ubongo huvimba, na mtoto hushikwa na degedege.

Mbona basi asilambishwe chumvi? Hili nililiuliza mimi, na darasa likacheka. Ngozi ya njiti ni nyembamba, hupoteza maji mengi; siku za kwanza sodiamu huweza hata kupanda. Kwa hiyo daktari hupima damu kwanza. Na kupungua sehemu moja ya kumi ya uzito siku hizo ni jambo la kawaida, kwani mtoto huzaliwa na maji ya ziada mwilini.

Mtoto wetu alipewa maziwa ya mama yake tu, kwa mrija mwembamba uliopitia puani. Ajabu ni kwamba maziwa ya mama aliyejifungua njiti huwa na sodiamu nyingi zaidi katika majuma ya kwanza.

Nilipoondoka kuja shuleni alikuwa amerudia kilo 1 na gramu 400, na bibi ndiye aliyembeba kifuani, ngozi kwa ngozi, ili mama mdogo apumzike.